Vyura wa Jim Smith si wa ziwa letu
Kuna anayeuliza kama vyura aliowatafiti Jim Smith, mwanabaiolojia Mwingereza aliyechunguza jinsi viinitete vinavyokua, walitoka Ziwa Victoria. Hapana, hawakutoka huko. Ni Xenopus laevis, wa kusini mwa Afrika. Huku Kanda ya Ziwa tunaye ndugu yake, Xenopus victorianus. Nafundisha baiolojia Nyegezi, na huwa nawaonyesha wanafunzi: hana ulimi, na kila mguu wa nyuma una kucha tatu nyeusi. Mtazame vizuri, ni kiumbe wa ajabu kweli.

Kuhusu kazi yenyewe, mwaka 1990 Smith na wenzake walionyesha kuwa protini iitwayo aktivini huzifanya seli za sehemu ya juu ya kiinitete (chura anayeanza kuumbika ndani ya yai), ambazo zikiachwa huelekea kuwa ngozi, zigeuke misuli. Ila hakuwa wa kwanza: mwaka 1987 Jonathan Slack na wenzake walishaonyesha kichocheo cha ukuaji FGF kikifanya kazi ya aina hiyo.