Re: Gari la mbio livutwe au liende lenyewe?

Kaka, umeuliza kama Subaru yako iende yenyewe kutoka Kisumu hadi uwanja wa mbio wa Nairobi, au uikodishie trela. Kwa anayeanza, endesha tu. Ni kama kilomita 350, na gari lisiloweza kufika Nairobi salama halina shughuli uwanjani.

Balaa iko kwenye kurudi. Mwaka juzi nilimaliza pedi za breki za mbele kwa mizunguko ya uwanjani alasiri bila kujua. Kuingia Nakuru, nakanyaga breki nasikia chuma kinakwaruza chuma. Nikalala hapo hapo, asubuhi fundi akanibadilishia kando ya barabara, mimi bado na taulo shingoni. Tangu siku hiyo nabeba pedi za akiba, mafuta ya breki na jeki ya maana. Zile tairi laini za uwanjani zilaze nyuma, usisafirie nazo. Mvua ya Kericho ikizikuta zimeisha, utateleza kama uko juu ya sabuni.

Ukishang'oa viti na kufunga vyuma vya ndani vya kumkinga dereva gari likipinduka, hapo sawa, tafuta trela. Asilimia 10 hivi ya uzito wa trela na mzigo wake ilalie ndoano ya gari linalovuta. Uzito ukizidi nyuma, trela inatikisa mkia, na mteremko wa Salgaa, kabla ya Nakuru, si pa kujifunzia hilo. Shuka na gia ndogo.

Trela ikiwa ya kukodi, simama Ahero, ukishatoka Kisumu kidogo, uguse vitovu vya magurudumu. Kikikuunguza, beringi imekufa. Geuza urudi.