Kabaila wa vyumba sita

Msomaji wa Tanga anauliza: "Nimesoma kwamba zamani Ulaya bwana wa ardhi alikuwa na haki ya kulala na bi harusi wa mkulima wake usiku wa kwanza. Niiite haki ya mwinyi, ya bwanyenye au ya kabaila? Na wajukuu wa wakulima hao, tuseme wana nasaba ya kikabaila?"

Ya kabaila. Mwinyi tumekwisha kumharibu: ukisema fulani anaishi kimwinyi, msikilizaji anamwona kajinyoosha barazani akingoja chai. Bwanyenye ni mtu wa mtaji. Kabaila, mzizi mmoja na kabila, pwani alikuwa mtu wa ukoo bora.

Naye hatumwachi salama. Siku hizi kila mwenye vyumba sita vya kupangisha Sinza, Dar es Salaam, ni kabaila! Nahisi tatizo lilianza na Azimio la Arusha, 1967: kiongozi asishiriki jambo lolote la kibepari au kikabaila; na katika makatazo yaliyofuata, asiwe na nyumba ya kupangisha. Watu wakatia vyote kapu moja. Haya, tumpime huyo wa Sinza. Anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kweli anaudhi. Lakini mpangaji akichoka anapakia vyombo kwenye kirikuu, kwaheri. Binti wa mpangaji akiolewa, mwenye nyumba anapelekewa kadi ya mchango. Anatoa yeye! Uingereza ya karne ya 13, mkulima aliyefungwa na ardhi ya bwana hakuhama bila ruhusa, alilima shamba la bwana siku kadhaa za juma bila ujira, na akimwoza binti alilipa ada kwa bwana. Nionyesheni mwenye nyumba anayetoza ada hiyo, nami nitamwita kabaila kwa kipaza sauti. Mpaka hapo ni mwenye nyumba, basi.

Ada hiyo ya pesa ndiyo iliyojaa katika kumbukumbu za mashamba. Ule usiku umejaa zaidi katika masimulizi. Hukumu ya Guadalupe ya 1486, ya Mfalme Ferdinand wa Aragon, iliwakataza mabwana wa Catalonia jambo hilo, lakini ushahidi kwamba ilikuwa sheria ya kawaida Ulaya haupo. Kwa hiyo andika "haki inayodaiwa ya kabaila".

Nasaba ni kosa jingine. Nasaba hufuata baba anayetambulika, na mtoto wa ndani ya ndoa huhesabiwa wa mume. Hata kama kabaila angeacha mimba, angeacha damu. Nasaba ingebaki ya mkulima. Ukitaka mahali ambapo desturi ya wakubwa ilibadili nasaba yenyewe, tazama Unguja: mtoto wa suria alifuata ukoo wa baba. Majid na Barghash, wana wa Sultani Seyyid Said waliotawala baada yake kufariki 1856, mama zao walikuwa masuria, na hakuna aliyewaita nusu Mabusaidi, ukoo wa baba yao.

Kwa wale wajukuu, basi, "damu ya kabaila" inatosha. Na utangulize "huenda".