Nyumba imeuzwa na mwenye nyumba mpya kaja na mkataba wake, usikimbilie kusaini

Wapangaji wenzangu wa hapa Zanzibar, hasa nyie wa Mpendae, Magomeni na huko Fuoni, hili limenikuta mwenyewe na nataka mulijue kabla halijawafika.

Nyumba tuliyopanga mimi na mke wangu iliuzwa, na yule mzee aliyetupangisha tulishampa kodi ya mwaka mzima mbele kama ilivyo kawaida yetu hapa, mwaka wenyewe hata nusu haujafika. Akaja tajiri mpya na karatasi keshaichapisha kabisa, kodi kutoka 200,000 mpaka 350,000 kwa mwezi, maji juu yetu, na akitaka nyumba yake anatupa mwezi mmoja tuhame wakati mwanzo ilikuwa mitatu. Nikamuuliza na mkataba wetu je? Akasema huo mulifunga na yule, mie simo.

Yumo, tena yumo sana! Anayenunua nyumba yenye mpangaji ndani anaichukua na mpangaji wake na masharti yake mpaka muda uishe, na mkataba haubadilishwi na mtu mmoja peke yake. Hata kwa upande wa dini, wengi wetu huku ni Shafii, na kwa madhehebu hayo ijara, yaani mkataba wa kupangisha, haivunjiki kwa nyumba kuuzwa wala kwa mwenyewe kufariki. Hilo la kufariki lishikeni sana maana nyumba nyingi hapa zinapita kwenye mirathi, mara warithi wanakuja mmoja mmoja na kila mtu anataka kodi apewe yeye.

Kwa hiyo usimpe mtu hata shilingi mpaka uone karatasi za mauziano au za mirathi, na kuoneshana huko kufanyike kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu. Sisi sheha alituita sote, mzee wa mwanzo akakiri kodi keshaipokea, basi ile pesa wakabaki kudaiana wao wawili na sisi tukaendelea kukaa. Kama huna mkataba wa maandishi, risiti, meseji za kutuma pesa kwa simu na jirani aliyeshuhudia vyote vinakusaidia, usifute kitu kwenye simu. Na mwenye nyumba akikufungia mlango au akakukatia maji ili utoke mwenyewe, piga picha uende kwa sheha siku hiyo hiyo, kumtoa mpangaji kwa nguvu si kazi yake, ni ya mahakama.

Jengine, watu wanatumiana vifungu vya Sheria ya Ardhi ya 1999, ile ni ya Bara jamani. Ardhi si jambo la Muungano, sisi tuna sheria zetu, ukienda na vile vifungu utapoteza muda bure. Nenda Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, wanasaidia wasio na uwezo wa wakili, na Pemba wapo Chake Chake.

Muda wa mkataba ukiisha ni haki ya mwenye nyumba kutaka kodi mpya, hapo ni kuzungumza tu. Sisi tulikaa naye tukaafikiana 250,000, notisi ikabaki miezi mitatu, na tukaongeza mstari kwamba nyumba ikiuzwa tena mnunuzi aoneshwe mkataba huu kabla hajatoa pesa.