Maswali na majibu: "Wote" wakiwa hawapo

Shikamoo mwalimu. Katibu wa kikoba chetu Ngamiani kaandika: "Wote waliochelewesha marejesho mwezi huu wamelipa faini." Mwezi huu hakuchelewa mtu. Kadanganya?

Marahaba. Kwa mantiki ya leo, hapana. "Kila A ni B" husomwa "hakuna A aliye nje ya B". Ili kumuumbua katibu, mlete aliyechelewa na hakulipa. Huna. Ila kwa kipimo hichohicho, "wote waliochelewa hawajalipa" nayo ni kweli! Sentensi ya uongo hapo ni "baadhi ya waliochelewa wamelipa", maana "baadhi" inadai mtu awepo. Hata hivyo taarifa hiyo msiipitishe, kwa sababu anayeisoma atatafuta hela za faini sandukuni. Aandike: "Aliyechelewa: hakuna. Faini: sh. 0."

Kitabu kimoja kinasema "wote" inazaa "baadhi", kingine kinakataa. Nishike kipi?

Tazama kila kimoja kinaanzia wapi. Mapokeo ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, huchukulia kundi linalotajwa lina kitu ndani. Njia ya Boole na Venn, wanamantiki Waingereza wa karne ya 19, haichukulii hivyo. Kati ya miundo 24 ya silojismu (hoja ya sentensi mbili na hitimisho) ambayo mapokeo huikubali, 15 inasimama bila sharti hilo na 9 inaanguka. Mmoja wa inayoanguka huitwa Darapti: papa wote walioshushwa jana kwenye soko la samaki la Deep Sea walizidi kilo 50, wote hao walinunuliwa na mchuuzi mmoja, basi baadhi ya samaki wa mchuuzi huyo walizidi kilo 50. Kama jana hakikushushwa papa, mchuuzi pengine ana vibua tu.

Naupimaje muundo huo wa Darapti kwa mchoro wa Venn?

Chora maduara matatu yanayoingiliana: papa wa jana, waliozidi kilo 50, samaki wa mchuuzi. Kivuli maana yake "hapa hamna kitu". Tia kivuli sehemu ya papa iliyo nje ya "kilo 50", kisha iliyo nje ya "mchuuzi". Duara la papa linabaki na kipande kimoja cheupe, katikati. Hapo ndipo wengi huteleza: weupe maana yake "hatujui", si "kuna kitu". Hitimisho linahitaji alama ya x, yaani "hapa kuna kitu", na hakuna sentensi iliyoiweka. Ongeza "jana alishushwa papa angalau mmoja", x inaingia katikati na hoja inasimama. Penye sentensi ya "baadhi", tia vivuli kwanza, x baadaye. Ukigeuza, x huishia juu ya mstari bila sababu.

"Boti zote hazikutoka" ni sentensi ya aina gani: "hakuna" au "si zote"?

Haijulikani mpaka umuulize msemaji. Sema "hakuna boti iliyotoka" au "si boti zote zilizotoka". Ya pili inavumilia nusu ya boti kuwa baharini.