Kabla Hujapiga Windo Upya

Msimu wa korosho nyumba yetu ya Chikongola, hapa Mtwara, haikosi mgeni. Msimu uliopita alikuja shemeji kutoka Newala, karani wa chama cha msingi, na orodha ya majina ya wakulima iliyokuwa kwenye PDF. Alitaka kuirekebisha. Mimi nilikuwa kazini, mwanangu akamwachia kompyuta. Shemeji akaandika Google anachotaka, akabofya cha kwanza kilichosema ni cha bure, halafu Next, Next, Next, Finish. Dakika tatu hazikufika.

Jioni niliporudi sikuitambua kompyuta yangu. Ukifungua Chrome unapelekwa kwenye kitafutio ambacho sijawahi kukisikia. Kuna programu inapiga kelele kwamba imekuta makosa zaidi ya elfu moja na inataka dola ili iyaondoe. Chini kulia vinachomoza vitangazo vya kamari, kimoja hakijaondoka kingine kimefika. Bando la GB 10 nililojiunga Jumatatu ili linifikishe wiki nzima, Jumatano asubuhi halipo.

Fundi niliyemwonyesha hakuchukua muda. "Hapo ni kupiga windo tu, bosi. Elfu ishirini." Yaani kufuta kila kitu na kuweka Windows upya.

Nikakataa, na si kwa sababu ya elfu ishirini. Kwenye ile mashine kulikuwa na picha za harusi ya dada yangu na mitihani ya mama watoto, ambaye ni mwalimu. Halafu windo zenyewe nyingi za mtaani zinatoka kwenye flashi iliyozunguka mji mzima, na zinafunguliwa kwa kraki, kile kiprogramu cha kukwepa kulipia leseni, ambacho mara nyingi nacho kimebeba uchafu wake. Unafukuza panya kwa kuingiza nyoka. Kupiga windo kupo, lakini kuwe mwisho, baada ya kuhamisha vitu vyako.

Nilianza na tarehe. Fungua Control Panel, ingia Programs and Features, kisha bofya juu ya safu ya "Installed On" ili zilizowekwa karibuni zije juu. Tulijua shemeji alikaa kwenye kompyuta siku gani, na siku hiyo ziliingia programu tano. Yeye aliomba moja. Nyingine nne zilikuwa "msafishaji", kivinjari cha ajabu, kitu cha hali ya hewa na kitu cha kutafuta kuponi. Hali ya hewa ya Mtwara mimi naijua nikitoka mlangoni.

Ukibofya Uninstall, soma. Narudia, soma. Ile ya kuponi ilinifungulia dirisha lenye kitufe kikubwa cha kijani, na chini yake maandishi madogo ya kijivu yaliyofifia kama risiti ya zamani. Cha kijani kilikuwa cha kuibakisha. Ya kijivu ndiyo yaliyokuwa ya kuiondoa. Nilibofya cha kijani mara mbili nikiwa na uhakika nimeifuta. Wanajua mkono wako umezoea kukimbilia wapi.

Tahadhari moja hapo: usifute kila jina usilolielewa. Zamani niliwahi kufuta vitu vilivyoandikwa Microsoft Visual C++ nikidhani ni takataka, mchezo wa mtoto ukagoma kufunguka na nikanuniwa siku mbili. Kama jina hulijui na halikuingia tarehe ile, liache kwanza.

Nikazima na kuwasha. Chrome ikafunguka palepale kwenye kitafutio kile. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa wakarudi kwa fundi. Nenda kwenye ile ikoni ya Chrome iliyo mezani, bofya kitufe cha kulia cha mausi, chagua Properties, utazame kisanduku cha Target. Maandishi yanatakiwa kuishia kwenye chrome.exe na alama ya kufunga nukuu. Yangu hayakuishia hapo. Baada ya nukuu kulikuwa na nafasi, kisha anwani ndefu ya tovuti. Yaani kila nikibofya ikoni yangu mwenyewe, ndiyo inayonipeleka kwao. Nikafuta kile kimkia, nikabofya OK.

Kisha ndani ya Chrome nikaondoa viendelezi vyote ambavyo sikuviweka mimi, na mwisho nikarudisha mipangilio ya mwanzo kwa "Reset settings". Alamisho na nywila zilizohifadhiwa hazifutiki kwa kufanya hivyo, usiogope. Vile vitangazo vya kamari havikuwa hata programu. Kuna tovuti ilimwambia shemeji abofye "Allow" kuthibitisha kwamba yeye si roboti, naye kwa ustaarabu wake akathibitisha. Vinaondolewa kwenye mipangilio ya Notifications.

Pitia pia Task Manager, sehemu ya Startup, uzime kinachojiwasha bila ruhusa yako. Na kama uchafu unarudi baada ya kila kuwasha, fungua Task Scheduler, panapopangwa kazi ambazo Windows huzifanya yenyewe. Ile ya "msafishaji" ilikuwa imeacha kazi humo ya kujiita upya kila ninapoingia.

Nilimalizia na AdwCleaner, programu ya kusaka takataka za aina hii, niliyoichukua kwenye tovuti ya Malwarebytes wenyewe. Ni ya bure, ni ndogo, na haihitaji hata kusakinishwa. Ilikuta mabaki ambayo macho yangu hayakuyaona. Ila ukiandika tu jina lake Google ukabofya tangazo la juu, unaweza kujikuta umeanza safari upya.

Watu wa huku kwetu hawahitaji kuelezwa kangomba ni nani. Kwa wageni: ni yule anayejiweka kati ya mkulima na ghala, ananunua korosho kwa kipimo chake na kwa bei ya kutupa. Kwenye programu wapo pia. Aliyeitengeneza anaitoa bure, kangomba anaichukua, anaifunga ndani ya kisakinishi chake pamoja na takataka, na analipwa kwa kila takataka inayoingia kwako. Hata majina makubwa yamewahi kuingia humo: mwaka 2015 SourceForge, tovuti ya kupakulia programu, walilaumiwa sana kwa kuifunga GIMP ya Windows, programu ya kuhariri picha, pamoja na matangazo, mpaka wamiliki wapya wakaja kuufuta mpango ule mwaka 2016. Kwa hiyo VLC ya kuchezea video naifuata videolan.org, 7-Zip ya kufungulia mafaili ya zip naifuata 7-zip.org. Kukiwa na uchaguzi wa "Custom" au "Advanced" nauchukua huo, maana visanduku vyenye alama ya vema tayari hufichwa huko.

Windows yenyewe ina mlinzi wa mambo haya. Ingia Windows Security, App & browser control, kisha Reputation-based protection settings, uwashe "Potentially unwanted app blocking". Microsoft walianza kuuwasha wenyewe kwa watu Agosti 2021, lakini wangu niliukuta umezimwa. Nani aliuzima, sijui. Nina mtoto wa kidato cha pili ndani ya nyumba.

Baadaye nikabadilisha nywila ya barua pepe na ya benki, kwa simu, si kwa kompyuta ile.

Na ile PDF? Nilibofya kitufe cha kulia, nikachagua ifunguliwe na Word. Word tangu toleo la 2013 inafungua PDF na kuigeuza yenyewe, na yetu ilikuwepo siku zote. Majedwali yalipinda kwenye kurasa mbili, shemeji akayanyoosha kwa mkono huku akilalamika, na asubuhi akapanda basi la Newala na orodha yake kwenye flashi.