Kabla hujapunguza folda nzima, zitenge kwanza picha asilia

Mkuu, simama hapo hapo, usibonyeze kitu. Umeandika kwamba unataka kuweka mtandaoni picha za harusi ya dada yako, kwamba kila moja ina megabaiti tano au sita na tovuti inazikataa, na kwamba umepata programu ya kupunguza folda nzima kwa mkupuo mmoja, "na hapo nitakuwa nimeokoa nafasi kwenye kompyuta". Umeuliza pia programu ipi ni bora, upana gani unafaa, kama ni lazima dpi (idadi ya nukta kwa kila inchi picha inapochapwa) iwe 72, na namna ya kuandika jina lako juu ya picha. Ninalolijibu kwanza ni hilo la kuokoa nafasi, kwa sababu maana yake ni kwamba unakusudia kuhifadhi picha ndogo juu ya zile kubwa, yaani zile kubwa zifutike. Mimi nilifanya hivyo hivyo, na hasara yake haijalipika.

Nilikuwa na folda ya picha za mkutano wa ukoo wetu kule Muheza, wazee wameketi chini ya mwembe na baba akiwa katikati yao. Kamera ilikuwa ya pikseli (vinukta vya rangi vinavyounda picha) milioni 12, yaani kila picha ilikuwa na upana wa pikseli 4000 na kimo cha pikseli 3000. Ndugu walioko mbali walizitaka haraka, na intaneti ilikuwa ya kusuasua, kwa hiyo nikaomba ushauri kwa kijana mmoja mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, ambaye mtaa mzima ulimwamini kwa mambo ya picha. Aliniambia niweke upana wa pikseli 800, nibadilishe dpi kutoka 300 hadi 72, kisha nihifadhi kwa jina lile lile ili nisijaze diski kwa mafaili mawili mawili. Nilipomuuliza itakuwaje siku nikizihitaji kubwa, alijibu bila kusita kwamba picha ya kompyuta hurudishwa kwa kuandika tu namba za mwanzo. Kadi ya kamera ilikuwa imekwisha kufutwa na kutumika kwenye shughuli nyingine.

Baba alipofariki, familia ilitaka picha ya ukubwa wa A3 ya kuweka kwenye fremu, na iliyopendwa na wote ilikuwa ile ya chini ya mwembe, nzima kama ilivyo, yeye na ndugu zake. Upande mrefu wa karatasi ya A3 ni sentimita 42, karibu inchi 16 na nusu. Ukizitandaza pikseli 4000 juu ya upande huo, unapata takriban pikseli 240 kwa kila inchi, na hiyo ni picha safi ya kutundika ukutani. Ukizitandaza pikseli 800, unapata 48 tu. Nyuso za wazee zilitoka kama madoa ya rangi, na shangazi yangu, ambaye alikuwa ameketi pembeni kabisa, hakuweza hata kujitambua.

Yule kijana alinipotosha, na ninamlaumu mpaka leo, si kwa kutokujua, bali kwa kutoza watu fedha na kuwapa majibu ya uhakika juu ya jambo asilolijua. Picha ya 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12, na ya 800 kwa 600 ina pikseli 480,000, yaani asilimia 4 ya zile za kwanza. Hizo 96 nyingine hazijakunjwa mahali fulani zikisubiri kukunjuliwa, zimekwisha kutupwa. Ukiiamuru programu ikuze picha hiyo, itajaza mapengo kwa kukisia rangi iliyo kati ya pikseli jirani, na kutarajia sura ya mtu irudi kwa njia hiyo ni sawa na kutarajia tui zito kutoka kwenye chicha iliyokwisha kukamuliwa. Zaidi ya hayo, faili la JPEG, aina ambayo kamera nyingi huhifadhia picha, huigawa picha katika vijiraba vya pikseli 8 kwa 8 na kuacha mambo madogo madogo ndani ya kila kijiraba ili lipungue uzito, hivyo kila unapolihariri na kulihifadhi upya, linapoteza tena kidogo.

Wapo watakaokuambia kwamba kuna programu za kufufua picha. Nilitumia PhotoRec, ambayo ni ya bure na hufanya kazi nzuri, lakini hufufua mafaili yaliyofutwa ambayo nafasi yake bado haijaandikwa kitu kingine. Kutoka kwenye kadi yangu ilitoa picha za ile shughuli ya baadaye. Wala usitegemee kundi la familia la WhatsApp, kwa sababu picha ikitumwa pale kwa njia ya kawaida hubanwa na kupunguzwa. Ukitaka ifike ilivyo, itume kama hati. Ndugu zangu, kwa upande wao, walikuwa na zile zile ndogo nilizowatumia.

Kuhusu 72, namba hiyo ilienea tangu enzi ya kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984, ambayo kioo chake kilikuwa na pikseli 72 kwa inchi. Ndani ya faili la picha, dpi ni maelezo kwa mashine ya kuchapa tu. Picha yenye upana wa pikseli 2048 itaonekana vile vile kwenye simu, iwe imeandikwa 72 au 300, kwa hiyo usiiguse namba hiyo.

Kanuni ninayokusihi uishike ni hii: picha iliyotoka kwenye kamera haihifadhiwi tena kwa jina lake. Kabla ya jambo jingine lolote, nakili folda nzima kwenye diski ya nje, kisha uyape mafaili asilia hali ya kusomwa tu, ili yasiweze kubadilishwa. Tengeneza folda nyingine, uiite "ndogo", na uielekeze programu ipeleke matokeo yake humo. Katika programu za kazi hii, IrfanView ina sehemu ya kuchagua folda ya matokeo katika kazi ya picha nyingi; iangalie mara mbili kabla ya kuanza. Katika ImageMagick, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri, amri ya mogrify huandika juu ya faili asilia usipoipa folda nyingine, na watu wengi huinakili kutoka mtandaoni bila kulijua hilo. GIMP, programu ya kuhariri picha, hutenganisha kuhifadhi kazi na kutoa JPEG, lakini nayo ina amri ya kuandika juu ya faili lililofunguliwa, kwa hiyo soma menyu kabla ya kubofya. Kama shida yako kweli ni nafasi, nunua diski, au futa filamu ambazo unaweza kuzipata tena kesho. Harusi ya dada yako hairudiwi ili upige picha upya.

Upana wa pikseli 2048 unatosha kwa Facebook, na 1080 kwa Instagram. Funga uwiano wa upana na kimo ili watu wasinyooshwe, na uweke ubora wa JPEG karibu na 80. Jaribu kwanza kwa picha moja. Ukimaliza, rudi kwenye folda ya asilia, tazama vipimo vya picha ile ile, na kama si vile vilivyotoka kwenye kamera, sitisha kazi yote na uirejeshe kutoka kwenye diski ya nje kabla hujafuta kadi.