Mke ana mshahara mkubwa, mbona ndiye anayeomba nauli?

SWALI: Nafanya kazi kampuni binafsi hapa Morogoro, mshahara wangu ni Sh1,100,000. Mume wangu naye yuko kampuni binafsi, analipwa Sh720,000. Tuna watoto wawili na dada wa kazi. Kwa kuwa nalipwa zaidi, mume alisema mimi nichukue kodi ya nyumba (Sh150,000 kwa mwezi), ada (Sh100,000 ukiigawa kwa mwezi), dada wa kazi (Sh100,000), umeme na maji (Sh40,000) na gesi na mkaa (Sh35,000). Yeye huacha hela ya kula Sh8,000 kila asubuhi, nami huongezea kama Sh2,000 za mafuta, sukari na sabuni. Mkopo wa SACCOS tulionunulia bati za nyumba yetu nakatwa mimi, Sh120,000. Bodi ya mikopo nayo bado inanikata. Kila ikifika tarehe 20 naomba nauli, naye ananiambia sijui kutunza pesa. Nakosea wapi?
*Mama Wawili, Morogoro*

JIBU: Dada, kutunza pesa unajua. Tatizo lenu liko kwenye kipimo. Mumeo anahesabu mshahara ulioandikwa kwenye mkataba, na wewe unaishi kwa kinachobaki baada ya makato. Chukueni slipu zote mbili za mshahara mzisome mstari kwa mstari.

Kwako NSSF inaondoka na asilimia 10, yaani Sh110,000. Kodi ya mshahara, PAYE, inapigwa kwenye Sh990,000 zinazobaki. Kwa daraja lako ni Sh68,000 pamoja na asilimia 25 ya kiasi kinachozidi Sh760,000, jumla Sh125,500. Bodi ya mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, Sh165,000. Mkononi unabaki na Sh699,500, na hapo SACCOS bado haijagusa kitu. Kwake NSSF ni Sh72,000, kodi Sh45,600, deni la bodi hana, kwa hiyo anabaki na Sh602,400. Kwenye mikataba mnapishana Sh380,000. Mkononi mnapishana Sh97,100.

Sasa angalieni nani anabeba nini. Ukijumlisha ulivyovitaja, pamoja na mkopo wa bati na ile Sh2,000 ya kila siku, wewe unatoa Sh605,000 kwa mwezi na kubaki na Sh94,500. Yeye anatoa Sh240,000 na kubaki na Sh362,400. Kwa Sh94,500 unatakiwa ulipe nauli ya mwezi mzima, salio la simu, mahitaji yako, na kama una wazazi wanaokutegemea, hao pia. Tarehe 20 isingeweza kupita salama.

Mgawanyo tunaoupendekeza unafuata uwiano wa kinachoingia mkononi. Andikeni kwanza matumizi yote ya nyumba kwenye karatasi moja. Chakula kiandikwe Sh300,000, kwa sababu hiyo ndiyo gharama yake halisi. Ile Sh2,000 unayoongezea kimyakimya ndiyo inayomfanya mumeo aamini kwamba Sh8,000 inatosha. Mkopo wa bati uwekeni humo humo, maana nyumba ni yenu wote hata kama unakatwa kwenye slipu yako. Ongezeni Sh55,000 za dharura, ambazo kwa sasa hamna kabisa. Jumla inafika Sh900,000. Kipato chenu cha mkononi kwa pamoja ni Sh1,301,900, na sehemu yako ni karibu asilimia 53.7. Wewe utoe Sh483,500, ikiwemo Sh120,000 inayokatwa SACCOS moja kwa moja, naye atoe Sh416,500. Wewe utabaki na Sh216,000, yeye Sh185,900. Hizo zinazobaki kila mtu atumie apendavyo bila kuulizwa: nauli, wazazi, kikoba, saluni, mpira na marafiki. Msipoziacha huru, kila mmoja ataanza kuficha.

Mumeo ataona amepunguziwa Sh176,500, na hapo ndipo mazungumzo huharibika. Usimwanzie usiku akiwa amechoka, wala mbele ya ndugu zake. Weka slipu zote mbili mezani na karatasi ya matumizi, mwache apige hesabu kwa mkono wake. Kama mnafuata sheria ya Kiislamu, matumizi ya nyumba ni wajibu wa mume na mchango wako ni hiari yako. Basi hesabu ianzie hapo, mkubaliane waziwazi unachangia nini kwa hiari.

Mahali ambapo mpango wa namna hii hukwama ni palepale kila mara. Kwanza ni kodi ya nyumba. Mwenye nyumba anadai miezi sita, Sh900,000 kwa mkupuo, ilhali ninyi mnapanga kwa mwezi. Ile Sh150,000 ihamishiwe akaunti ya pembeni siku mshahara unapoingia, isikae kwenye simu, kwa sababu pesa ya kwenye simu inakopeka na kila shemeji. Pili ni tarehe za mishahara kupishana. Chagueni siku moja baada ya mshahara wa mwisho kuingia, kila mtu atume fungu lake mara moja. Kutuma vipande vipande kunaliwa na makato ya mitandao.

Tatu ni chakula. Hela ya kila asubuhi ni ghali kwa sababu unanunua kwa kupimiwa. Mwanzo wa mwezi nunueni mchele, unga, maharage, sukari, dumu la mafuta la lita 5 na miche ya sabuni kwa jumla, halafu hela ya asubuhi ibaki ya mboga, nyanya na kitoweo. Lakini wekeni kipimo, kikombe kilekile kila siku, vinginevyo dumu la mwezi huisha wiki ya tatu. Kwenye umeme, kama mko daraja la D1, yaani la watumiaji wadogo wa majumbani, uniti 75 za kwanza za mwezi ni Sh100 kila moja kabla ya kodi na tozo, na zinazozidi hapo bei yake hupanda zaidi ya mara tatu. Pasi na jiko la umeme ndivyo vya kuangalia.

Deni la bodi likiisha, zile Sh165,000 zitarudi kwenye mshahara wako. Pigeni hesabu ya uwiano upya mwezi huohuo.

SWALI: Mimi ni bodaboda wa mkataba, Mwanza. Kila siku napeleka hesabu Sh10,000 kwa mwenye pikipiki. Siku nzuri napata Sh30,000, siku mbaya Sh15,000, na siku mbaya ni kama moja katika tatu. Mke wangu anauza dagaa. Siku nzuri anataka nitoe zaidi, siku mbaya nachukua kwenye mtaji wake, na ugomvi hauishi.
*Baba Mdogo, Mwanza*

JIBU: Kaka, toa nyumbani kiasi kilekile kila siku, iwe nzuri au mbaya. Siku nzuri toa hesabu Sh10,000, petroli tuseme Sh8,000, na Sh2,000 ya oili, tairi na breki. Hiyo ya mwisho wengi huiruka, mpaka tairi inapoisha na pikipiki inalala. Unabaki na Sh10,000. Siku mbaya hesabu na petroli, tuseme Sh5,000, vinamaliza zote. Kwa hiyo nyumbani peleka Sh6,000, na siku nzuri zile Sh4,000 zilizobaki ziweke kando. Siku mbili nzuri zinakusanya Sh8,000. Siku mbaya inachukua Sh6,000 kutoka humo, na Sh2,000 inabaki. Mpango huu unaanza kufanya kazi baada ya wiki kama mbili, fungu likishakuwepo, kwa hiyo usianze katika wiki ya mvua.

Mtaji wa dagaa usiguswe. Akinunua dagaa wa Sh50,000 akauza Sh65,000, Sh50,000 zinarudi kwanza kwenye mfuko wake wa biashara. Zile Sh15,000 zitolewe nauli ya kwenda mwaloni, ushuru na mifuko, na kitakachobaki ndicho faida ya kuzungumzia. Ukikwama kabisa ukachukua kwenye mtaji, andikeni kwenye daftari kiasi na siku ya kurudisha, kama mngemkopa jirani. Dagaa ni biashara ya kuzungusha. Mtaji ukipungua kutoka Sh50,000 hadi Sh35,000, faida ya kila mzunguko nayo inapungua, na nyumba inapoteza zaidi ya ulichochukua.

Na mkataba wako uwe wa maandishi: siku ngapi za hesabu, siku ya matengenezo inahesabiwaje, na kadi ya pikipiki itabadilishwa jina lini. Kubalianeni na mkeo tangu sasa kwamba ile Sh10,000 ya kila siku itakwenda wapi mkataba ukiisha.

SWALI: Mume wangu alikopa Sh500,000 kwa watu wa kausha damu bila kuniambia, riba asilimia 20 kwa mwezi. Ameshalipa Sh600,000 katika miezi sita na wanasema deni liko palepale. Wameshika kadi yake ya benki, na sasa wanataka hati ya nyumba tunayoishi. Hati ina jina lake tu. Wanaweza kuichukua?
*Mke, Dodoma*

JIBU: Dada, usisaini chochote. Hati kuwa na jina la mume peke yake hakukuondoi kwenye nyumba hiyo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza, kupangisha, kutoa zawadi au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na inakupa haki ya kuweka zuio. Nenda ofisi ya Msajili wa Hati ukiwa na cheti cha ndoa na namba ya kiwanja, omba kuweka zuio. Fanya hivyo wiki hii. Sahihi yako ya ridhaa ndiyo wanayoitafuta, na wengine huileta ndani ya karatasi inayoitwa "fomu ya udhamini".

Hesabu yao iko hivi: asilimia 20 ya Sh500,000 ni Sh100,000 kwa mwezi, na kila anacholipa kinameza riba tu. Anaweza kulipa miaka miwili, deni lisipungue hata shilingi moja. Kama wewe au yeye ni mwanachama wa SACCOS, hamisheni deni. SACCOS nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, kwa hiyo akiba ya Sh170,000 inaweza kutosha. Kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi inayopungua na salio, Sh500,000 kwa miezi 12 inagharimu riba ya Sh32,500 kwa mwaka mzima, na rejesho la kwanza ni kama Sh46,700. Ila mkopo ukichukuliwa kwa jina lako, makato yatoke kwenye mshahara wake kwa maandishi. Ahadi ya mdomo isikubaliwe hapa.

Kabla ya kulipa, wadaini mkataba na leseni. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji wa namna hii anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu. Lipeni kupitia benki au simu ili ushahidi ubaki, mpewe barua ya kumaliza deni, na mumeo aende benki kufuta kadi ile na kuchukua nyingine. Kuirudisha tu haitoshi kama namba yake ya siri wanaijua.

Mumeo naye aorodheshe madeni yote, hata ya dukani na ya mtandao wa simu. Kwa tunavyoyajua mambo haya, deni la kausha damu mara nyingi huwa la kuzibia deni jingine.

SWALI: Niko Muscat kwa kazi za ndani. Kila mwezi namtumia mume wangu Tanga hela za matumizi na ujenzi. Nyumba haisogei. Nifanyeje bila kuvunja ndoa?
*Bi Tanga*

JIBU: Dada, tenganisha njia mbili. Matumizi ya watoto mtumie mumeo, ada ilipwe shuleni kwa namba ya malipo. Ujenzi lipa mwenye duka la vifaa na fundi moja kwa moja, kwa hatua: msingi, ukuta, lenta, paa. Fundi alipwe hatua ikikamilika.

Uliza kwa idadi. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutoa tofali za inchi 6 kama 30 hivi. Ukiambiwa mifuko 40 imefyatuliwa tofali, ziwepo kama 1,200 uwanjani. Omba video ya mtu anayetembea akizihesabu kwa safu.

Kisha angalia karatasi za kiwanja. Mali iliyoandikwa jina la mmoja, sheria huanza kwa kudhani ni yake peke yake, na ukitaka kupinga, wewe ndiye mwenye kuleta ushahidi. Ikiandikwa majina yote mawili, inadhaniwa kwamba haki zenu ni sawa. Kama mkataba wa mauziano umeandikwa jina lake tu, ombeni uandikwe upya kwa majina mawili mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa, muuzaji na mashahidi wakiwepo. Nakala moja ikae kwako Muscat, pamoja na risiti za kila ulichotuma.